Nilimcheka Msudani Kwa Mkapa

Zilikua zimebaki dakika chache za nyongeza na akili yangu ilishatoka uwanjani kitambo, nilikua nawaza usafiri, maana ukichelewa kutoka Kwa Mkapa usiku ukifika pale Uhasibu kila mwenye bajaji anakuangalia kama hela inayotembea. Tarehe 26 Agosti 2025, nusu fainali ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Sudan na Madagascar. Sisi tulishatolewa siku nne kabla, uwanja huohuo, Morocco moja sisi bila, kwa hiyo mimi kwenda pale ilikua kama mtu aliyerudi kwenye nyumba ya msiba kufuata sufuria lake. Mshkaji wangu wa kazini alipata tiketi mbili, nikasema poa, kuliko kukaa nyumbani.

Mbele yetu alikaa Msudani mmoja, mtu mzima, kanzu nyeupe, bendera begani, pembeni kijana wake wa miaka kama kumi hivi. Muda wote hakupiga kelele. Madagascar walikua pungufu, mtu wao alishakula nyekundu, kwa hiyo jukwaa zima tulijua Sudan wanapita, ni suala la muda tu. Afu dakika ya 116 Madagascar wakafunga.

Mshkaji wangu ana roho nzuri kuliko mimi. Akamgusa bega, "Pole mzee wangu. Ndo mpira."

Yule baba akageuka. Kiswahili chake kilikua cha mtu aliyejifunzia dukani, maneno machache lakini yamenyooka. "Sisi bingwa," akasema. "Sabini. Bingwa Afrika."

Nikacheka.

Sio kwa sauti. Kile kicheko cha puani ambacho ukiulizwa unaweza kukikana. Afu kama haitoshi nikaongezea, "Bingwa wa CECAFA labda, mzee." Yani lile kombe letu la majirani wa Afrika Mashariki na Kati.

Angekasirika ningeshasahau. Hakukasirika. Aliniangalia kidogo, akageuka mbele, akaishusha bendera begani akaikunja taratibu, ncha kwa ncha, kama mtu anakunja shuka la kitanda cha mgeni, akampa mwanae aishike.

Wiki ya tano baadae bado nilikua naiona ile bendera.

Ndani ya bajaji

Nilitafuta kwenye simu tukiwa njiani. Haikuchukua hata dakika. Kombe la Mataifa ya Afrika, yani AFCON, 1970, mwenyeji Sudan, fainali Khartoum, Sudan 1 Ghana 0, mfungaji El-Issed. Nusu fainali waliitoa Misri 2-1 baada ya dakika za nyongeza, na mabao yote mawili ni ya huyohuyo El-Issed. Na Ghana hawa sio timu ya kuokota njiani, ni wale waliobeba 1963, wakabeba tena 1965, wakafika fainali 1968. Yani Sudan walipita kwa wenye mpira wao kweli.

Nikamwonyesha mshkaji. Akasoma, akanirudishia simu.

"Sasa bro, si 1970 hiyo."

Usiku ule lile jibu lilinitosha kabisa, nililala nalo. Asubuhi likawa halitoshi tena, maana mimi mwenyewe ninalo bao la 1979 ambalo sijawahi kuliona hata kwenye video na bado nalisimulia kama nilikua nimesimama nyuma ya goli. Tutalifikia.

Kukosea matokeo kila mtu anakosea, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni ule wepesi. Sikufikiria hata nusu sekunde. Kichwani kulikua na picha ilishakamilika zamani: AFCON ni ya Waarabu wa kaskazini na watu wa magharibi, sisi huku tunaalikwa, na tukialikwa tunakaa karibu na mlango ili kuondoka isiwe shida. Sikumbuki nani alinipa hiyo picha. Nadhani niliiokota tu mtaani kama unavyookota lafudhi.

Kaunta buku

Jumamosi yake nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili nikaandika mabingwa wote kwa mkono. Najua orodha iko kila mahali, ila ya kwenye simu unaipitisha kwa kidole gumba na miaka sitini inakwisha kabla chai haijapoa. Ukiandika kwa mkono lazima ukae na kila mwaka angalau kwa muda wa kuandika jina la nchi. Mke wangu akaniuliza ni hesabu za kikoba. Nikasema ndio, ilikua rahisi kuliko kueleza.

Imetoka mistari 34, kuanzia 1957 mpaka ile ya Ivory Coast waliyobeba kwao Abidjan Februari 2024, wale waliopigwa 4-0 na Equatorial Guinea kwenye makundi wakamfukuza kocha katikati ya mashindano na bado wakabeba. Nchi 15. Misri mara 7, Cameroon 5, Ghana 4, Nigeria na Ivory Coast 3 kila mmoja, Algeria na Kongo ya Kinshasa mbili mbili, waliobaki moja moja. Hizo mnazijua, siwachoshi.

Ila nikiwa naandika nikaona hata majina hayatulii. Bingwa wa 1959 rasmi sio Misri, ni Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, maana walikua wameungana na Syria. 1974 kuna Zaire. Na kombe lenyewe la chuma limebadilika mara mbili: la kwanza Ghana waliondoka nalo jumla 1978 walipofikisha matatu, la pili Cameroon wakalichukua jumla mwaka 2000 pale Lagos, mbele ya Wanigeria wenyewe, kwa matuta, na ile penati ya Ikpeba ambayo mpaka leo Mnaijeria yeyote atakuapia ilivuka mstari. (Ilivuka. Na mimi naapa.)

Lakini kilichonifanya niweke kalamu chini ni ile mistari saba ya juu kabisa.

Walianza majirani

1957, Khartoum. Timu tatu tu, Misri, Sudan na Ethiopia. Wa nne angekua Afrika Kusini, nao walikua waanzilishi, ila makaburu wakasema watapeleka timu ya weupe watupu au ya weusi watupu, kuchanganya hapana, wakaambiwa basi kaeni kwenu. Walikaa muda mrefu kweli. Waliporudi na kubeba 1996 aliyeinua kombe alikua nahodha wao Neil Tovey, mzungu, na pembeni yake Mandela kavaa jezi. Hilo nalo kwenye kaunta buku yangu ni mstari mmoja.

CAF yenyewe, shirikisho la mpira Afrika, ilianzishwa mwaka huohuo 1957, mji huohuo wa Khartoum, na mmoja wa waasisi wake ni daktari wa Kisudani, Abdel Halim Mohamed. Afu 1962 mashindano yakaenda Addis Ababa, Ethiopia wakaichapa Misri 4-2 kwenye fainali iliyoenda nyongeza, nahodha wao Luciano Vassallo akapokea kombe mkononi kwa Haile Selassie. Timu zilikua nne, na moja ilikua Uganda. Uganda ambayo hata uhuru ilikua bado haijapata! Ilikua Januari, Tanganyika ina uhuru wa mwezi mmoja na kitu, bendera bado ina mikunjo ya dukani.

Nikahesabu. Mashindano saba ya kwanza, mpaka 1970, manne yamechezwa Khartoum na Addis. Mabingwa wawili wametoka kwenye ukanda ambao leo tunauita CECAFA, Ethiopia na Sudan. Hawa hawa ambao ratiba ikitoka tukaona tumepangwa nao tunasema "kundi laini".

Sasa hivi kila ukiwasha redio ni AFCON 2027, sisi, Kenya na Uganda, na mtangazaji wa asubuhi ninayempenda sana anasema kila siku kwamba kombe linakuja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Zamani ningeitikia. Sasa nabaki naongea na redio peke yangu kwenye foleni ya Tazara: Addis 1962, Addis 1968, Addis 1976, kaka, hizo umeziweka wapi?

Wewe ulikua wapi

Nilibeba kaunta buku mpaka kijiweni kwetu Temeke, pale kwenye kahawa. Kikombe, kashata, na drafti ya vizibo vya soda ambayo haijawahi kukunjwa tangu nimehamia ule mtaa. Nikawasomea. Sikuwaambia habari ya Msudani, niliona aibu, nikajifanya ni udadisi tu.

Nilikua na shaka ya kweli na nikaitoa. Misri 1957 wamekua mabingwa kwa kucheza mechi mbili. Mbili! Wakamfunga Sudan 2-1, wakamfunga Ethiopia 4-0, na hayo manne yote kafunga mtu mmoja, Ad-Diba, yule ambaye miaka kumi na moja baadae alirudi na filimbi mdomoni akachezesha fainali ya 1968 kama refa. Ethiopia nao 1962 mechi mbili. Siku hizi ukicheza mechi mbili bado hata hujui kama utavuka makundi. Sasa hayo ni makombe kweli au ni bonanza?

Kijana mmoja wa boda akadakia hapohapo, "Ndondo hizo, brother. Ndondo cup kabisa."

Mzee mmoja alikua anacheza drafti, hakuinua hata macho. "Waliokuja ndo waliocheza," akasema. "Wewe ulikua wapi?"

Kijiwe kikaangua kicheko, na kijiwe kikishacheka kesi imekwisha, ila mimi sikuridhika. Maana shaka yangu ina miguu. Timu zilifika nane tangu miaka ya sitini, zikaenda kumi na mbili 1992, kumi na sita 1996, ishirini na nne 2019. Na angalia Ethiopia wenyewe: 1970, miaka minane tu baada ya kubeba, Ivory Coast waliwapiga 6-1, na matano kati ya hayo kafunga Laurent Pokou peke yake. Baada ya 1982 hawakuonekana tena mpaka 2013. Miaka thelathini na moja. Kama ubingwa ule ulikua wa kweli uliyeyuka vipi namna ile? Hivi kuna kitu cha kurithisha kinaweza kupotea hivyo kikawa kweli kilikuwepo?

Nikamwuliza mzee hivyohivyo. Akala kete zangu mbili, maana kumbe nilishakaa kucheza nae bila kujua nimekaa saa ngapi, akasema, "Mtu akiuza nyumba yake ndo hakuwahi kuwa nayo?"

Sijapata jibu la kumpa mpaka leo. Nimejaribu. Nimefikiria kumwambia nyumba ya vyumba viwili sio sawa na ghorofa. Lakini najua atakachosema: vyumba viwili ndo vilivyokuwepo mtaani.

Walisimama dakika moja

Kuna mstari mmoja nimekaa nao kuliko yote, 1974 Zaire.

Fainali ilikua Cairo, Zaire na Zambia, ikaisha 2-2. Enzi hizo hakuna kupigiana matuta, mnarudiana, wakarudiana Zaire akashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili kafunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Mashindano yale alimaliza na mabao tisa. Hakuna aliyewahi kuyafikia kwenye AFCON moja mpaka leo, na wamepita akina Milla, Yekini, Eto'o, Drogba, Salah, wote hao, tisa yako palepale.

Miaka ikapita. 1994 alialikwa Tunisia akapewa heshima yake. Akarudi kwao, watu wakadhani karudi na hela, akavamiwa, akapigwa risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika Kusini. Na mwaka 1998, AFCON ya Burkina Faso, zikafika habari kwamba Ndaye Mulamba amefariki. Uwanja mzima ukasimama. Dakika moja ya ukimya, kwa heshima ya mfungaji wa mabao tisa.

Alikua hai.

Alikua Cape Town, analinda magari ya watu kwenye maegesho.

Nimeirudia hii mara nyingi kichwani usiku. Nikimuona kabisa, mtu mzima na mguu wake mbovu, mwenye gari anashusha kioo anamtupia sarafu bila kumwangalia usoni, na wakati huohuo upande wa pili wa Afrika maelfu ya watu wamesimama kimya kwa ajili yake. Alifariki kweli Januari 2019, miaka ishirini na moja baada ya kuombolezewa.

Wale wa Burkina Faso walikosea lakini walikosea wamesimama. Mimi bingwa alikua amekaa mbele yangu, hai, na mwanae pembeni, na nikakosea nikiwa nacheka.

Najua, najua, yule baba hakucheza 1970, labda alikua bado yuko tumboni. Mimi na Ndola je?

Ndola

Kwetu hili ni kama sala. Agosti 1979, tulishawafunga Zambia moja hapa Dar, tunahitaji sare kwao, na Peter Tino akafunga Ndola, 1-1, tukaenda AFCON. Baba alisikiliza kwenye redio, yeye na majirani, redio imewekwa dirishani, na hiyo redio ameniuzia mara mia, kila akisimulia inakua kubwa kidogo. Mimi sikuwepo duniani. Lakini niulize jinsi mpira ulivyoingia, nitakueleza mpaka na mikono.

Afu nini kilitokea? Hapa huwa tunapitia haraka haraka. Lagos, Machi 1980. Nigeria 3 sisi 1. Misri 2 sisi 1. Sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mkiani mwa kundi, tukarudi nyumbani, Nigeria wakaenda kuwapiga Algeria 3-0 wakabeba. Baada ya hapo tukakaa miaka 39.

Yani sisi tumebeba bao moja la kufuzu miaka arobaini na sita, tumelipigia pasi kama suti moja ya harusi, kila mwenye harusi anaazima. Wao wana kombe. Na mimi mwenye bao nikamcheka mwenye kombe kwa sababu ni la zamani!

Kwa muda nilijipoza nikasema basi, kumbe kitu ni kusimulia, sisi tunajua kusimulia na wao majirani hawajui. Nikaipenda hiyo hoja kama siku tatu hivi. Halafu nikaistukia. Hao Wasudani wanasimulia, si ndo alichokua anafanya yule baba? Alisema maneno matano na hayo matano yalikua yamebeba kila kitu, mwaka, cheo na bara. Tatizo halikua kwa msimuliaji.

Na kuna jingine limenikalia vibaya. Aliyetutoa kwenye ile miaka 39 ni Emmanuel Amunike, Machi 2019, Uganda 3-0 hapahapa Kwa Mkapa, nilikuwepo, nililia, niliimba jina lake mpaka sauti ikakauka wiki nzima. Amunike huyohuyo ndo aliyefunga yale mawili ya fainali ya 1994 Tunis. Dhidi ya nani? Dhidi ya Zambia, ambao hata mwaka ulikua haujatimia tangu ndege yao ianguke baharini Gabon, watu 30, wachezaji 18, wakaunga timu upya na wakafika fainali. Nusu ya Afrika ilikua inaomba wabebe, na yeye akawanyima. Sio kosa lake, alikua anafanya kazi yake. Ila mimi nilivyokua naimba sikukumbuka kabisa kwamba kuna mtu Lusaka akilisikia hilo jina anabadilisha stesheni.

Zambia walikuja kubeba 2012, Libreville, Gabon, mji uleule wa ile ajali, walienda kwanza ufukweni na maua, afu wakawatoa Ivory Coast 8-7 kwa matuta. Na sisi walitukumbuka San Pedro Januari 2024, Msuva katufungia mapema, wao pungufu, dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Baba alinipigia simu usiku ule akasema neno moja tu.

"Ndola."

Akakata.

Timu isiyo na kwao

Nisichoweza kujisamehe ni kwamba habari za Sudan ya sasa nilikua nazijua. Sio kwamba nilikua gizani. Vita imeanza Aprili 2023, ligi ikasimama. Klabu yao ya Al Hilal iliwahi kutumia uwanja huuhuu wa Mkapa kama nyumbani kwao kwenye mechi za Afrika, nilienda kuwaona, nikala karanga nikaondoka. Baadae wao na watani wao Al Merrikh wakaenda kucheza ligi ya Mauritania. Fikiria Simba na Yanga wanahamia ligi ya nchi nyingine, kule upande wa Atlantiki, kwa sababu Dar hakukaliki. Mimi hapo siwezi kufikiria, najaribu inagoma.

Timu ya taifa nayo mechi za nyumbani ilikua inachezea Benghazi, Libya. Na kwa hali hiyo Oktoba 2024 wakatoka sare na Ghana palepale Accra, wakarudiana Benghazi wakawafunga 2-0. Kocha wao alikua Kwesi Appiah, Mghana, aliyewahi kuipeleka Ghana Kombe la Dunia 2014. Ghana wakakosa AFCON kwa mara ya kwanza tangu 2004. Sudan wakafuzu. Waliowafunga kwenye fainali ya 1970 ndo haohao, safari hii hata uwanja wao hawana.

Na kwenye ile CHAN waliwapiga Nigeria 4-0 pale Amaan, nikiwa naangalia na sahani ya wali mapajani, nikapiga kelele "hawa jamaa wanajua!" Wakawatoa Algeria kwa matuta. Wiki mbili tu baada ya zile nne nimekaa nyuma ya mtu wao, ananiambia walikua mabingwa, na kicheko kikatoka.

Hapo ndo huwa nakwama. Taarifa zote nilikua nazo mfukoni, na ile picha ya mlangoni ikashinda.

Viti vitano

Nimejaribu kumtafuta. Nilirudi Kariakoo mitaa ambayo niliambiwa wapo Wasudani wenye maduka ya manukato, nikauliza uliza, lakini jina sina, na Dar hii ukisema unamtafuta mtu mzima mwenye kanzu nyeupe, hasa ukisema Ijumaa, watu wanakuangalia kwa huruma. Muuzaji mmoja akaniuliza anakudai? Nikasema kama vile. Akanishauri nisihangaike kumtafuta mtu anayenidai.

Desemba 21, 2025 AFCON ilikua inaanza Morocco. Sisi tulikua na Nigeria, Tunisia na Uganda, na mtaani hakukua na stori nyingine. Sudan walikua na Algeria, Burkina Faso na Equatorial Guinea, mechi yao ya kwanza ni Algeria, tarehe 24. Siku moja nikapita kwenye kibanda umiza chetu, mwenyewe alikua anapigilia bati upande wa mvua, nikamwuliza kama hiyo mechi ataiweka.

"Sudan?" Akashusha nyundo. "Mkesha wa Krismasi? Nani atatoa jero yake aje aangalie Sudan?"

Nikamwambia mimi. Nikatoa buku mbili na jero, nikamwambia nalipia viti vitano kabisa, asipokuja mtu basi vikae wazi.

Akazipokea, akazihesabu, akaangalia kulia na kushoto, akanisogelea karibu kabisa na sauti ikashuka.

"Kaka, umesikia nini? Nipe na mimi niweke mkeka."